Treni ya kasi na mkoa usio na reli: Mara idai nini?

Tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma katikati ya 2024, mazungumzo ya reli mkoani Mara yamejaa mkanganyiko. Wapo wanaoitaja "reli ya Musoma" kana kwamba mataruma yameshamwagwa pembeni mwa njia. Wapo wanaooneshwa picha za treni za Japan kwenye simu na kuamini kwamba ndizo zinazokuja Mwanza. Wengine wamesikia habari za vyombo vya kurushwa ndani ya bomba lililoondolewa hewa, vyenye mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa, nao wanauliza kwa nini nchi ihangaike na vyuma na kokoto wakati dunia imeshahama.

Maswali hayo si ya kupuuzwa, hasa yanapotoka mahali kama Kerende. Kijiji hicho kiko Nyamongo, wilayani Tarime, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza uzalishaji 2002, takribani kilomita 20 tu kusini mwa mpaka wa Kenya. Ng'ambo ya Mto Mara ni wilaya ya Serengeti. Ni eneo lenye utajiri unaojulikana duniani kote, lakini halijawahi kupitiwa na reli ya aina yoyote. Anayetoka huko kwenda Dar es Salaam anavuka karibu nchi nzima, na mtaji wa kwanza wa safari yake ni uvumilivu.

Je, usafiri wa kasi kubwa wa ardhini unaweza kuuunganisha ukanda huu na miji mingine na kuubadilisha uchumi wake? Unaweza. Ila jibu hilo lina masharti, na masharti yenyewe hayahusu sana namba kubwa inayosomeka kwenye kioo cha dereva wa treni.

Mambo matatu yanayochanganywa

La kwanza ni reli yenyewe ya SGR. Herufi hizo zinahusu upana kati ya vyuma viwili, yaani milimita 1,435, tofauti na milimita 1,000 za reli ya kati ya zamani. Upana huo hauleti kasi peke yake. Reli ya SGR ya Kenya, iliyozinduliwa Mei 2017 kati ya Mombasa na Nairobi, inatumia dizeli na treni zake za abiria hukimbia hadi kilomita 120 kwa saa. Ya Tanzania ina upana uleule lakini inatumia umeme, na abiria hukimbizwa hadi kilomita 160 kwa saa, mizigo hadi 120. Huko Queensland, Australia, kuna treni inayofika kilomita 160 kwa saa juu ya reli ya milimita 1,067, upana uleule wa TAZARA. Kasi hutokana na kona pana, miinuko iliyopunguzwa, mawasiliano ya kuongozea treni, nyaya za umeme na uzio unaozuia mbuzi na watu kukatiza.

La pili ni treni za risasi, zile za kilomita 250 hadi 350 kwa saa. Japan ilifungua ya kwanza Oktoba 1964 kati ya Tokyo na Osaka. Hizi zinahitaji njia yake peke yake. Kona ambayo treni ya kilomita 160 inaipita kwa raha, ya kilomita 300 haiwezi kuithubutu, kwa hiyo mahali ambapo reli ya kawaida inauzunguka mlima, hii inautoboa. Tena upinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi: ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya kuipasua hewa kwa kila kilomita inakaribia mara nne. Umeme wote huo una bili yake.

La tatu ni vyombo visivyogusa chuma kabisa. Treni ya sumaku ya Shanghai, inayoelea juu ya njia yake, imebeba abiria tangu 2004 kwa kasi iliyowahi kufika kilomita 430 kwa saa, lakini kwa umbali wa kilomita 30 tu. Japan ilifikisha kilomita 603 kwa saa katika majaribio ya Aprili 2015, na bado njia ya Tokyo hadi Nagoya iliyopangwa kufunguliwa 2027 imesogezwa mbele kwa miaka. Kuhusu bomba, wazo lililotangazwa na Elon Musk mwaka 2013, jaribio la pekee lililobeba watu wawili huko Nevada mnamo Novemba 2020 liliishia kilomita 172 kwa saa. Kampuni iliyolifanya ilifunga shughuli zake mwishoni mwa 2023. Kwa maneno mengine, mpaka ilipofungwa, bomba lilikuwa limewabeba watu kwa kasi inayokaribiana na ya mchongoko, treni ya umeme ya Dar es Salaam kwenda Dodoma.

Jinsi Mara ilivyobaki pembeni

Hali ya leo ina mizizi ya zaidi ya miaka mia moja. Reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika Kisumu Desemba 1901. Reli ya kati ilipotoa tawi lake kutoka Tabora, ilifika Mwanza 1928. Musoma ikabaki katikati ya vituo viwili vya reli vya ziwa, ikihudumiwa na meli. Kwa wakati ule mpango huo ulikuwa na mantiki: pamba na mizigo mingine ilipakiwa melini ikaungana na reli upande wowote wa Ziwa Victoria. Ziwa lenyewe ndilo lililokuwa reli ya Musoma.

Barabara ilipoimarika, meli zilififia, na mkoa ukageuka kuwa mteja wa mabasi na malori. Njia kuu kutoka Mwanza kupitia Magu, Lamadi, Bunda, Makutano na Tarime hadi mpakani Sirari ndiyo inayobeba karibu kila kitu. Pembeni mwake mambo huwa magumu zaidi. Barabara ya Tarime, Nyamongo hadi Mugumu, inayounganisha makao makuu ya wilaya mbili, imekuwa ikiwekwa lami kipande kwa kipande. Pale lami inapokatika, abiria huhamia kwenye bodaboda au gari ndogo zinazopakia mpaka mlango ugome kufungwa.

Kwa hiyo mtu wa Kerende anaposikia habari za kilomita 300 kwa saa, hana hatua ya kati ya kuilinganishia. Hajawahi kuwa na treni ya kilomita 40 kwa saa.

Hoja ya kuruka hatua

Wanaotaka Afrika Mashariki iende moja kwa moja kwenye treni za kasi kubwa wana hoja yenye nguvu kuliko inavyodhaniwa. Simu za mkononi ziliruka hatua ya nyaya za mezani, wanasema, na fedha za mtandao zikaruka hatua ya matawi ya benki. Kwa nini usafiri usiruke? Wanaitaja Morocco, ambako tangu Novemba 2018 treni ya Al Boraq inakimbia hadi kilomita 320 kwa saa na imepunguza safari ya Tangier hadi Casablanca kutoka saa tano kasorobo hadi saa mbili na dakika kumi. Wanaitaja pia reli ya Haramain ya Saudi Arabia, iliyofunguliwa mwaka huohuo, yenye urefu wa takribani kilomita 450 kati ya Makkah na Madina, ambayo mahujaji wengi wa Afrika Mashariki wameshaipanda.

Mifano hiyo ni mizuri, na ndiyo inayoonesha mipaka ya hoja yenyewe. Morocco haikujenga njia mpya ya kasi kubwa kwa safari nzima. Ilijenga takribani kilomita 200 kati ya Tangier na Kenitra, na kutoka hapo treni ileile inaendelea juu ya reli ya kawaida kwa mwendo wa kawaida. Iliwezekana kwa sababu reli ya kawaida ilikuwepo tayari, ina upana uleule na inafanya kazi. Haramain nayo ina kitu ambacho hakipatikani kwingine: mamilioni ya watu wanaolazimika kwenda miji ileile kila mwaka.

Treni ya kasi kubwa hulipa gharama zake inapounganisha miji mikubwa iliyo umbali wa kilomita 200 hadi 700 hivi. Ikiwa chini ya hapo, gari linaishinda kwa kuwa linampeleka mtu hadi mlangoni. Ikiwa juu ya hapo, ndege inaishinda. Dar es Salaam hadi Mwanza kwa SGR ni kilomita 1,219, na ndege inachukua saa moja na nusu hivi. Katikati ya miji hiyo miwili hakuna Osaka. Kuna Morogoro, Dodoma, Tabora na Shinyanga, miji inayokua lakini isiyoweza kujaza treni ya risasi kila nusu saa kwa nauli ambayo mkulima ataimudu.

Kasoro nyingine ni ya mizigo. Njia za kilomita 300 kwa saa kwa kawaida hazichanganywi na mabehewa mazito ya shaba, mbolea au makasha. Uchumi wa Kanda ya Ziwa, kinyume chake, ni wa vitu vizito: saruji, mafuta, pamba, mahindi, ng'ombe. Dhahabu ya North Mara yenyewe haihitaji treni, kwa kuwa thamani kubwa inakaa kwenye uzito mdogo. Kinachohitaji treni ni dizeli, vyuma na kemikali zinazoingia mgodini. Reli isiyobeba mzigo ingekuwa pambo kwa mkoa huu.

Hoja ya Tanga hadi Musoma

Hoja ya pili ndiyo inayotajwa zaidi kwenye majukwaa ya siasa: reli ya kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma, pamoja na matawi ya Minjingu kwenye fosfeti na Engaruka kwenye magadi. Kwa jumla mradi huo unatajwa kuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 1,100. Wazo lake si baya. Tanga ni bandari yenye kina, Arusha ni mji wa utalii na biashara, na kutoka Musoma mzigo wa Uganda ungevuka ziwa kwenda Port Bell. Mara ingepata njia yake ya baharini badala ya kuwa mkia wa njia ya Mwanza.

Tatizo ni ramani. Ukivuta mstari kutoka Arusha kwenda Musoma, unakutana na Bonde la Ufa, Ziwa Natron, Ngorongoro na Serengeti. Na kuhusu Serengeti, Tanzania ina historia ya hivi karibuni ambayo hakuna mpangaji wa reli anayeweza kujifanya haijui. Mwaka 2010 serikali ilipotangaza barabara kuu kutoka Mugumu kwenda Loliondo ikikatiza kaskazini mwa hifadhi kwa kilomita 53, dunia ilipiga kelele. Kipande hicho ni mapito ya nyumbu zaidi ya milioni moja wanaohama kila mwaka kati ya Serengeti na Maasai Mara. Shirika la kutetea wanyama lenye makao Nairobi lilifungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha, na Juni 2014 mahakama ikaamua kwamba kuijenga barabara hiyo kwa lami ndani ya hifadhi ni kinyume cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Rufaa ya 2015 haikuondoa kiini cha uamuzi huo.

Hapa wakazi wa Serengeti na Tarime wana malalamiko yenye haki. Watu wa Mugumu wanakaa jirani na hifadhi inayoingiza fedha nyingi za kigeni, wanaharibiwa mazao na tembo, kisha wanaambiwa barabara haiwezekani kwa sababu ya wanyama. Hoja hiyo isifutwe kwa kauli ya jumla kwamba mazingira ni muhimu. Lakini reli ya kasi ni jambo zito zaidi kuliko barabara. Lori linaweza kupunguza mwendo nyumbu wakipita. Treni ya kilomita 160 kwa saa inahitaji umbali mrefu kusimama, ndiyo maana njia yake huwekewa uzio. Uzio kwenye mapito ya nyumbu ni ukuta. Kenya ilipopitisha SGR juu ya Hifadhi ya Nairobi ilibidi ijenge daraja refu la takribani kilomita sita juu ya nguzo, na hifadhi ile ni ndogo mno ukilinganisha na Serengeti.

Inawezekana kuizunguka hifadhi kwa kusini. Njia hiyo ni ndefu zaidi, na kadiri inavyoshuka kusini ndivyo inavyoukaribia ukanda wa reli ya kati inayojengwa tayari. Mtu anayeweka hesabu mezani atauliza: ikiwa tunazunguka hadi karibu na Shinyanga, kwa nini tusiunganishe hukohuko?

Njia ya jirani

Kuna wanaotazama kaskazini. Kutoka Sirari hadi Kisumu ni takribani kilomita 200, karibu zaidi kuliko Mwanza. Wakuria wanaishi pande zote mbili za mpaka, na mahindi, ndizi na mifugo huvuka bila kusubiri mikutano ya mawaziri. SGR ya Kenya ilifika Naivasha 2019 na kwa miaka mingi mpango umekuwa ni kuisogeza Kisumu hadi Malaba.

Udhaifu uko wazi. Mkoa wa Tanzania hauwezi kupanga maisha yake juu ya bajeti ya nchi nyingine, na reli ya Kenya yenyewe imepitia misukosuko: mkopo mkubwa wa Exim ya China, amri ya kulazimisha makasha yapande treni iliyozua maandamano ya wenye malori Mombasa 2019, na uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa Juni 2020 kwamba zabuni yake ilikiuka sheria. Kama njia ya nyongeza, Kisumu inafaa. Kama tegemeo, hapana.

Kilomita za mwisho

Hoja ya nne haina picha za kuvutia, na pengine ndiyo sababu haizungumzwi. Inasema Mara isisubiri reli ije, iifuate ilipo.

Hesabu yake ni rahisi. Dar es Salaam hadi Dodoma kwa SGR ni takribani kilomita 460, na treni inazimaliza kwa saa tatu na nusu hadi nne, yaani wastani wa kilomita 115 hadi 130 kwa saa pamoja na vituo. Kwa wastani huo, siku njia itakapokamilika, Dar es Salaam hadi Mwanza itakuwa saa kumi hivi. Tuseme nchi ingepata fedha za kujenga njia ya kilomita 300 kwa saa, yenye wastani wa 220. Safari ingekuwa saa tano na nusu. Zingeokolewa saa nne na nusu, kwa gharama ya kuanza upya.

Sasa mfuate abiria anayeshuka Mwanza kuelekea Nyamongo. Ana zaidi ya kilomita 300 za barabara, na kwa basi, stendi na vituo vya ukaguzi vikihesabiwa, si chini ya saa sita. Kama treni yake iliondoka Dar es Salaam saa saba mchana, atafika saa tano usiku. Kama basi la kwanza la Sirari linaondoka saa kumi na mbili alfajiri, atakaa saa saba kwenye benchi akichunga begi lake. Saa hizo saba peke yake zinazidi muda wote ambao treni ya risasi ingemwokolea.

Hakuna handaki la kuchimba ili kuziondoa saa saba hizo. Inatakiwa ratiba. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku baada ya zuio la miaka mingi, kwa hiyo basi linalosubiri treni ndani ya uzio wa stesheni, kwa tiketi moja iliyokatwa Dar es Salaam, ni suala la shirika la reli (TRC), mamlaka ya usafiri wa ardhini (LATRA) na wenye mabasi kukaa meza moja.

Mfano wa nguvu ya kiungo kidogo uko Mwanza kwenyewe. Daraja la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita tatu tu. Kabla yake, gari lililotaka kwenda Sengerema au Geita lilisubiri kivuko, na foleni ikiwa mbaya saa zilipotea. Sasa ni dakika chache. Gharama yake ilizidi shilingi bilioni 700, fedha nyingi, lakini ni sehemu ndogo ya gharama ya kipande kimoja cha SGR. Mwanza hadi Isaka peke yake, kilomita 341 pamoja na njia za kupishania, kilisainiwa Januari 2021 kwa zaidi ya shilingi trilioni tatu.

Kwa mizigo, hoja hii ina kasoro inayopaswa kusemwa. Mfuko wa saruji utakaotoka Dar es Salaam kwa treni utashushwa Mwanza, utaingia ghalani, utapakiwa kwenye lori hadi Tarime, na mara nyingine utahamishiwa gari dogo hadi Nyamongo. Kila mkono unaougusa unadai malipo. Mwenye lori linalotoka kiwandani hadi mlangoni kwa mwenye duka atashindana na treni bila woga. Ndiyo sababu kamishna wa mipango anayetaka treni ifae Mara lazima afikirie mambo mawili zaidi. La kwanza ni ziwa: bandari ya Musoma ikipata vifaa vya kupakua mzigo, meli kutoka bandari ya Mwanza Kusini zinaweza kulirudisha lile jukumu la kale. La pili ni tawi la reli lenyewe kutoka Mwanza kupitia Bunda hadi Sirari. Sehemu kubwa ya njia hiyo ni tambarare, ina watu wengi, na mwisho wake ni mpaka wenye biashara.

Hata tawi hilo si rahisi. Karibu na Lamadi barabara kuu inapita mbele ya lango la Ndabaka, mahali ambapo Serengeti inakaribia kunywa maji ya ziwa, na serikali imekuwa ikiwahamisha wakazi wa Nyatwali, Bunda, ili kuwaachia wanyama njia. Lakini hapo tunazungumzia kipande kifupi kinachoweza kuinuliwa juu ya nguzo, si hifadhi nzima ya kukatiza.

Nani analipa, nani anapisha

Reli ya SGR inalipiwa na watu wasioiona pia. Tangu 2015 bidhaa nyingi zinazoagizwa nje hutozwa ushuru wa maendeleo ya reli, ulioanza kwa asilimia 1.5. Anayenunua vipuri vya pikipiki Nyamwaga, wilayani Tarime, ameshachangia mataruma ya Morogoro. Ana haki ya kuuliza zamu yake ni lini.

Upande wa ardhi, Nyamongo haihitaji kufundishwa. Neno tegesha lilipata maana yake ya huko kwenye migogoro ya mgodi: mtu akisikia eneo litachukuliwa, anapandisha kibanda usiku au kupanda miche ili siku ya tathmini ahesabiwe. Wenye mamlaka wanaiona ni ulaghai. Wakazi wanajibu kwamba tathmini huchukua miaka huku wakizuiwa kuendeleza mashamba yao, na fidia ikija inakuwa imeshaliwa na bei. Ukanda wa reli ya kasi unadai ardhi iliyonyooka isiyoweza kumkwepa mtu mmojammoja. Mradi utakaotangazwa jukwaani miaka kumi kabla ya kupata fedha utavuna tegesha kutoka Lamadi hadi Sirari, na gharama itapanda kabla kokoto ya kwanza haijamwagwa.

Halafu kuna wanaopoteza. Treni inayopita bila kusimama huua biashara ya barabarani. Lamadi, Bunda na Makutano zinaishi kwa mabasi na malori: mama lishe, wauza samaki wa kukaanga, mafundi wa matairi. Kwa upande mwingine, mji mdogo ukifikika kwa urahisi kutoka mji mkubwa, wateja wake wenye fedha huhamia mji mkubwa. Hakuna sheria inayosema reli lazima itajirishe pande zote mbili. Inategemea mji mdogo una nini cha kuuza treni ikifika: kahawa ya Tarime iliyokobolewa hukohuko, minofu ya samaki yenye barafu, watalii wanaoshukia Mugumu badala ya kuingilia Arusha.

Umeme nao usisahaulike. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeondoa hofu kubwa ya upungufu. Hata hivyo wiki za kwanza za safari ya Dodoma zilionesha kwamba hitilafu ndogo hutosha kuisimamisha treni, na TRC ililazimika kueleza hadharani jinsi wanyama na ndege walivyogusa nyaya. Njia ya umeme inayopita ukanda wa wanyama inahitaji mafundi walio karibu.

Mizani

Ukizipima hoja zote nne, ile ya kuruka hatua ndiyo inayoanguka mapema zaidi. Bomba halipo, sumaku ni ya matajiri wenye miji mikubwa, na treni ya risasi haina abiria wa kutosha wala haibebi mizigo ya Kanda ya Ziwa. Tanga hadi Musoma ina faida za kweli upande wa Tanga, Arusha na Engaruka. Kipande chake cha magharibi kinapaswa kubaki kwenye karatasi mpaka itakapopatikana njia inayoiacha Serengeti kando kabisa. Kutarajia vinginevyo ni kuomba kesi nyingine Arusha.

Kinachobaki ni kukamilisha kwanza kilichoanzishwa. Kati ya Dodoma na Mwanza kuna vipande vya Makutupora–Tabora, Tabora–Isaka na Isaka–Mwanza, na mpaka vyote vikamilike na kuwekewa treni, kasi ya kilomita 160 inaishia Dodoma. Baada ya hapo, lami ya Tarime hadi Mugumu ikamilike yote, bandari ya Musoma ipewe kazi, na tawi la Mwanza hadi Sirari lifanyiwe upembuzi wa wazi ukiwa na bei, njia na tarehe, ili watu wajue wajenge wapi na walime wapi.

Madiwani na wabunge wa Tarime na Serengeti wana ombi moja wanaloweza kulipeleka sasa hivi bila kusubiri mkopo wa nchi yoyote: kabla treni ya kwanza ya umeme haijaingia Mwanza, TRC na LATRA watangaze ratiba ya pamoja ya treni na mabasi ya Musoma, Mugumu, Tarime na Sirari, yenye tiketi moja na basi linaloondoka si zaidi ya nusu saa baada ya treni kufika.